Usiniangalie Nikipanda Kilima

Kyumbi, Jumapili jioni

Kwako Ndunge, binti yangu na mama yangu,

Umeenda Masii kumuaga shangazi yako, na kwa vile namjua dada yangu, mtu akishaaga kwake bado anasimama mlangoni saa nzima. Basi nimepata nafasi. Nimefunga hoteli mapema, jambo ambalo madereva wa malori hawatanisamehe wiki hii, nikaipangusa ile meza ya karibu na dirisha, nikaketi na karatasi hizi. Mikono yangu bado inanuka kitunguu. Ukiifungua barua hii kabla ya kupanda gari la Eldoret na ikanukia kachumbari, usishangae.

Mambo ya blanketi, kufuli la sanduku, na marafiki wa kuepuka, mama yako ameshayasema mpaka kuta zinayajua. Hayo nayapita. Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo nimekuambia tangu ukiwa mdogo, mara nyingi kwa sauti ya juu, na mengi nilikosea. Leo nina jambo moja tu, ila unanijua, jambo langu moja halitoshi kwenye ukurasa mmoja.

Jambo lenyewe ni kwamba ninaogopa. Kesho unakwenda chuoni, mbali na sisi, katika mji wa watu wembamba wanaokimbia asubuhi kabla jogoo hajaamka. Naogopa kwamba utajitazama kati yao halafu urudi kuuchukia mwili wako, kama ulivyouchukia ukiwa darasa la nne. Ukiuchukia utaacha kuutunza. Utakaa tu, au utajinyima chakula, au vyote viwili. Na chuki ile nakumbuka vizuri ni nani aliyekuletea nyumbani. Aliileta akiwa amepanda pikipiki.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, nianzie kwa jina lako.

Unajua kwamba kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Ulipozaliwa wakakuweka mikononi mwangu, nikakuita *mwaitu*, mama yangu, na tangu siku hiyo sikukuita vingine. Ulipoanza kuongea ulinijibu vizuri sana. Nikiita "mwaitu", wewe na nepi yako unaitika, "Nini, mwanangu?" Wateja walikuwa wanamwaga chai kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini ndani nilikuwa siko kwenye mzaha kabisa. Nilikuwa naamini amerudi.

Ndunge wa kwanza hukumkuta. Alikuwa mwembamba, mwembamba wa kukosa, sio ule wa kupenda. Nikiwa kijana mdogo kulikuwa na ukame ambao watu wa huku bado wanauzungumzia kwa sauti ya chini, na tulikuwa tukila mahindi ya njano ya msaada. Mama alikuwa anatupakulia sisi watoto, anakwangua sufuria, halafu anaketi pembeni na mkonge mikononi anasokota kamba. Ukimwuliza mbona hali, anasema, "Nyinyi kuleni. Mimi nilionja nikipika." Nilimwamini miaka mingi. Ni mpaka nilipokuwa mpishi mwenyewe ndipo nilipojua kwamba hakuna mtu anayeshiba kwa kuonja.

Alikufa kabla sijafungua hoteli. Hakuwahi kukaa kwenye meza yangu akaletewa sahani iliyojaa. Hilo huwa linanichoma mpaka leo, hata sasa nikiandika.

Ndipo ukaja wewe na jina lake na mashavu yako. Mwaitu, nilikulisha! Nilikulisha kama mtu anayelipiza kisasi kwa njaa. Ulikuwa ukitoka shule unapita hoteli kwanza, unakuta soda imeshafunguliwa, chapati mbili zimekunjwa, na kipande cha nyama nilichokufichia chini ya mfuniko. Nakukalisha kwenye kaunta. Madereva wanakuvuta shavu na kusema, "Hii mtoto iko na afya! Hapa lazima chakula ni poa." Nilivimba kichwa. Kwetu mtoto mnene ni sifa ya nyumba, na mtoto mnene wa mwenye hoteli ni kama bango la barabarani. Mama yako alikuwa ananiambia, "Baba Ndunge, imetosha." Mimi nampandishia mabega mbele ya wateja: "Sasa unataka nimnyime mama yangu chakula?"

Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Siku moja alinivuta jikoni, akafunga mlango na mguu kwa sababu mikono ilikuwa na unga, akaniuliza polepole, "Hebu niambie. Unalisha mtoto, ama unalisha mama yako?" Nilimkasirikia siku nzima. Mtu hukasirika hivyo akiambiwa ukweli na mtu ambaye ana unga mikononi.

Kisha mwili wako ulianza kusema wenyewe. Usiku ulikuwa unakoroma kama mzee. Ulikuwa unalalamika magoti, na ukipanda ile njia ya kutoka barabarani hadi kwetu unasimama mara kwa mara, unajifanya unafunga kamba za viatu. Na shingo yako ikawa nyeusi kwa nyuma, ngozi imekuwa nzito kama ina vumbi lililokataa kutoka. Mimi nikasema mtoto haogi vizuri. Nilimtuma mama yako na brashi, na kila Jumapili kabla ya kanisa ulisuguliwa shingo mpaka ukalia. Nilikuwa nasikia kilio nikiwa nje nasoma gazeti, nikasema potelea mbali, atazoea usafi.

Daktari wa kule Machakos mjini, yule mama kijana aliyekuwa na sauti ya upole, aliishika shingo yako kwa vidole viwili tu. Akanitazama. "Mzee, hii sio uchafu. Hii ni ngozi inatuambia mwili wake unasumbuana na sukari. Na presha yake iko juu, kwa mtoto. Lakini tumewahi, bado tuko na wakati."

Nikamwuliza dawa ni gani.

"Kucheza," akasema. "Kila siku. Acheze mpaka atoke jasho, na acheke. Kitu anapenda, sio kitu anaogopa. Na soda itoke kwa nyumba. Sio kwa huyu peke yake, kwa nyumba yote." Kisha akaangalia tumbo langu, ambalo lilikuwa limefika mezani kabla yangu, akauliza, "Na wewe mzee, ulipimwa lini?"

Nikamwambia tumekuja kwa ajili ya mtoto.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kile kitanda kirefu, miguu inaning'inia, ukauliza kwa sauti ndogo, "Daktari, kwani nimekosea nini?" Akakuambia hujakosa kitu, kwamba miili ni tofauti, na wako unataka tu kusaidiwa. Nilipaswa nilishike hilo nilirudishe nyumbani limefungwa vizuri. Badala yake katika maneno yote ya yule mama nilibeba mawili tu, kutoka jasho. Kucheka nilikuacha palepale kliniki, na nyumba yote nikaiacha pia.

Ndipo ikaja pikipiki.

Unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niiseme, kwa sababu sitaki ukae miaka ukidhani sikuielewa. Kila asubuhi kabla ya shule nilikutoa mbele, wewe ukikimbia na raba zako, mimi nyuma nimekodi yule kijana wa bodaboda, nimekalia kiti cha nyuma na jaketi langu, na ukipunguza mwendo namwambia apige honi. Honi, mwaitu! Kama ng'ombe aliyeingia barabarani. Watu wa vibanda walitoka kutazama. Wengine walipiga makofi, "Kaza! Kaza!" na mimi nilidhani wanakutia moyo. Nilikuwa hata nawapungia mkono.

Wewe ulikimbia tu. Lakini ulianza kuacha sahani mezani ikiwa haijaguswa. Ukiulizwa unasema umekula shule. Mama yako akawa na wasiwasi, mimi nikafurahi, nikasema sasa mtoto ameelewa, sasa tutaona matokeo. Nilikuwa naona suruali zako zinalegea na moyo wangu unaruka kwa furaha ya kijinga.

Siku ile uliketi. Tulikuwa tumekaribia lile daraja dogo la maji ya mvua. Hukuanguka, uliketi tu katikati ya njia, ukaweka mikono juu ya magoti. Kijana akapiga honi bila kuambiwa. Ukageuka. Uso wako ulikuwa umekauka, midomo imekuwa myeupe. Ukasema, bila kupiga kelele, "Baba, si ushuke na wewe."

Nikashuka. Sijui kama nilishuka kukuchapa au kukuinua, kusema kweli. Nilikushika mkono, ukainuka. Nikamwambia kijana aende. Tukarudi nyumbani kwa miguu, wewe na mimi, na kabla hatujafika mti wa kwanza nilikuwa nahema kuliko wewe. Jaketi nilivua. Kola ilinibana. Moyo ulikuwa unagonga mpaka kwenye masikio. Na ile njia ndiyo niliyokuwa nakupigia honi uikimbie.

Nyumbani mama yako alikupa uji, na hapo ndipo akakuuliza ulikula nini jana. Ukakoroga uji. Akauliza tena. Ukasema, "Si nilionja tu nikikusaidia jikoni."

Nilitoka nje, mwaitu. Nilienda nyuma ya nyumba pale penye kuni nikalia kama mtoto. Maneno ni yaleyale. Ndunge wa kwanza alijinyima kwa sababu hakukuwa na chakula. Na wa pili, mwenye baba ambaye ana hoteli nzima, naye alikuwa amekaa na njaa, akisema uongo uleule kwa sauti ileile, ili baba yake aache kumpigia honi. Nilikuwa nimesafiri safari yote hiyo ya sahani zilizojaa nikarudi palepale kwenye sufuria iliyokwanguliwa.

Niliporudi ndani nikasema, "Kesho tunaenda sote wawili. Bila pikipiki."

Ukaniuliza, "Na wewe utaweza?"

Swali la adabu mbaya, lakini la haki.

Ndivyo tulivyoanza kupanda kilima cha nyuma ya kwetu. Mwanzoni hatukuwa tukipanda, tulikuwa tukibishana tu na mteremko. Nilikuwa nakutangulia kidogo kwa sababu ya kiburi, nafika kwenye lile jiwe bapa, nageuka nikutazame ukija. Siku moja ulipofika ulikuwa umenuna. Ukaniambia, "Baba, usiniangalie nikipanda." Nikauliza kwa nini. "Ukiniangalia naskia kama bado uko kwa pikipiki."

Basi tukatunga sheria. Anayefika kwanza anakaa kwenye jiwe, anampa mwenzake mgongo, anatazama upande wa Lukenya na malori ya barabarani, mpaka mwenzake afike na ahemee na ajipanguse na aseme "haya". Hakuna kuangalia, hakuna kusema "kaza". Nilikuwa nakaa pale nakusikia unavyokuja, mawe yakiporomoka chini ya raba zako, ukijisemesha, ukinisengenya pia, na sikugeuka. Katika yote niliyofanya kama baba yako nadhani hilo la kutogeuka ndilo nililofanya vizuri zaidi, na wazo halikuwa langu.

Nyumbani soda iliondoka, yangu ikiwa ya kwanza. Hilo lilikuwa gumu kuliko kilima. Tulirudi kwenye vitu vya zamani, isyo ya mahindi na maharagwe, muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, na mboga za kutosha, na chapati ikawa ya Jumapili. Wewe ukakaa mezani ukala ukashiba, na hakuna aliyekuhesabia vijiko. Mama yako aliapa kwamba atakayesema neno "diet" katika nyumba yake atalala hotelini.

Halafu kuna Jumamosi ya mwethya, ile kazi ya kusaidiana shamba kwa shamba, ambayo sitaki uisahau hata ukizeeka. Kina mama wa kikundi walikuwa kwenye zamu ya shamba letu, wanachimba mitaro ya fanya juu. Miaka yote nyumba yetu ilikuwa inatoa mama yako na sufuria ya chai, na wewe nilikuwa nakuombea ruhusa. Nilikuwa nawaambia, "Huyu mwacheni, jua litamuumiza." Niliona ni mapenzi. Siku hiyo hukuniuliza. Ulichukua sepetu ukashuka mtaroni. Unajua kazi ile, udongo hauachwi chini, unarushwa upande wa juu wa kilima ujenge ukuta, na mtu asiye na nguvu udongo unamrudia usoni. Wako haukurudi. Uliruka juu ukatua pale ulipotaka. Wale mama walisimama. Mama Syombua, yule wa sauti nene, akasema, "Hii msichana mmekuwa mkituficha kwa nini? Sisi tunaumwa mgongo hapa na nguvu iko kwa nyumba inakunywa chai!"

Ulicheka. Ulicheka mpaka ukaegemea sepetu. Wakaanza kuimba, ukaingia kwenye wimbo, mkatupa udongo pamoja kwa mpigo mmoja, jasho likikushuka kwenye shingo ile ile tuliyoisugua. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya chai, na ndipo nikamkumbuka daktari. Atoke jasho na acheke. Ilikuwa imetokea mbele ya macho yangu na sikuwa nimechangia chochote isipokuwa sukari ya ile chai, ambayo hata hivyo mama yako alikuwa amenikataza kuiongeza.

Baada ya hapo hukukosa mwethya. Ukawa unazunguka nao shamba kwa shamba, na nadhani ni huko ulikojifunza kuangalia mteremko na kusema maji yatapita wapi. Sasa unaenda kusomea upimaji wa ardhi na watu wananipongeza mimi. Nazipokea pongezi, lakini najua walipaswa kumpelekea Mama Syombua.

Sitaki kujifanya kwamba baada ya hapo nilikuwa malaika. Kuna ile mizani. Ulipoingia kidato cha pili niliinunua nikaiweka stoo nyuma ya magunia, nikawa nakupima kila Jumamosi, na namba ikipanda nanuna, ikishuka nakununulia kitu. Kisha mizani ikapotea. Nilimshuku kila mfanyakazi. Ndunge, najua mizani ile iko wapi. Nilisikia mshindo. Choo kile ni kirefu na usiku hakuna magari mengi. Mama yako naye alijua, maana asubuhi alikuwa anapika huku akitikisika mabega kwa kicheko. Sikukuuliza, kwa sababu siku ile ile uliimba ukifagia, na ilikuwa muda mrefu sijakusikia ukiimba.

Tuliporudi kwa daktari presha yako ilikuwa imeshuka. Magoti yalikuwa yamenyamaza, usiku ulikuwa unalala bila kukoroma, shingo ilikuwa inaanza kung'aa. Na mimi, kwa vile sisikii, nikamwambia, "Lakini daktari, hajapungua sana."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, anapanda kilima?"

"Anapanda."

"Analala vizuri?"

"Analala."

"Ako na furaha?"

Nikakuangalia. Ulikuwa unachezea kile kifaa cha kusikilizia moyo, unajisikiliza wako. Nikasema, "Iko."

"Sasa wewe unataka nini ingine?"

Siku hiyo pia alinipima mimi. Sukari. Ndiyo, ile ambayo nilikuwa nimekuja "kwa ajili ya mtoto". Tangu siku hiyo ni wewe uliyekuwa unanigongea mlango asubuhi. "Baba, niaje, kilima kinatungoja." Mtoto gani anamsalimia baba yake niaje? Na mimi nilikuwa naamka, nikinung'unika, nikitafuta soksi, na nakuambia wazi kwamba bila wewe ningekuwa kwenye hadithi nyingine.

Wewe ni mkubwa, mwaitu. Ulikuwa mtoto mkubwa na umekuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega na mapaja na sauti. Huko mtakakoishi wanne chumba kimoja, kuna atakayesema neno. Wapo wanaosema kwa ubaya na wapo wanaosema kwa kukupenda, na mimi nilikuwa wa pili na niliumiza zaidi. Neno likikupata, usikae nalo na njaa. Kula. Tafuta kilima, au uwanja, au wasichana wanaocheza mpira jioni, au hata mtaro wa kuchimba. Ukifika mahali unatoka jasho na unacheka, basi hapo ni kwako. Na ukipita wiki nzima bila kupata nguvu ya kutoka, hujakosa kitu. Kuna wiki kama hizo, zinapita, na kilima hakihami. Na shingo ikianza tena kuwa nyeusi, au usingizi ukiharibika, nenda upimwe bila aibu, kama mtu anavyopeleka gari gereji.

Lakini usiende kukimbizana na wale wembamba wa Eldoret alfajiri. Wale walizaliwa hivyo. Waache wapite, wape mgongo, watazame malori.

Mimi nitaendelea kupanda. Nakuahidi, na unajua siahidi hovyo. Siku hizi mambo yamegeuka, ni wewe unayefika kwanza. Nikiinua macho nakuona umekaa kwenye jiwe, umenipa mgongo mpana ule, unatazama Lukenya, unangoja niseme "haya". Hujawahi kugeuka hata mara moja. Hata siku ile niliyoteleza nikatukana, ulitikisika tu kwa kicheko lakini hukugeuka. Keshokutwa nitafika pale juu na jiwe litakuwa tupu, na nitakaa juu yake nihemee, na nitasema "haya" peke yangu kama mwendawazimu. Inaniuma, siwezi kusema hainiumi. Lakini nitapanda.

Nasikia sauti yako huko nje, unaongea na mlinzi. Umerudi, na kwa mlio wa mifuko shangazi yako amekupakia shamba zima. Acha nimalize kabla hujaingia ukauliza ninaandika nini.

Kesho gari likifika hapa mbele, kuna sheria moja nitaivunja. Nisamehe mapema. Wewe utachukua mizigo yako, utamkumbatia mama yako, utaingia ndani ukae upande wa dirisha. Na mimi sitageuka nitazame Lukenya. Nitakuangalia, mwaitu. Nitakuangalia wewe mzima, kuanzia raba hadi kitambaa cha kichwa, mpaka gari likate kona na nisikuone tena. Ukitaka, na wewe geuka uniangalie. Nitakuwa nalia na tumbo langu nje, na sitaona haya.

Ni mimi mwanao na baba yako,

Mutiso